Shanga Arobaini na Saba za Bibi Hilda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lidwina alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kumpelekea Bibi Hilda ndoo ya maji, na kutafuta sweta lake. Sweta ndilo lililomchelewesha zaidi. Mwezi wa saba pale Matogoro si wa kutania. Ukungu hushuka kutoka kwenye msitu wa mlimani na kukaa uwanjani mpaka saa tatu, na mtoto aliyesahau sweta huandika herufi zinazotetemeka. Lidwina alilisahau sweta lake popote: jikoni, kwenye kamba, nyumbani kwa rafiki yake Zena, na siku moja ndani ya banda la kuku.

Hakuwa mtoto mbaya, la hasha. Alikuwa darasa la sita, ana akili nyepesi na miguu myepesi kuliko akili. Kabla hujamaliza kumtuma, yeye keshafika njiani, na akifika alikotumwa ndipo anagundua kwamba hakusikia ametumwa nini. Mama yake alishachoka kumwambia kuwa haraka haraka haina baraka. Lidwina aliitikia, "Ndiyo, mama," huku akikimbia.

Wiki hiyo darasa zima lilikuwa na jambo moja tu midomoni. Mwalimu Rosemary alikuwa ametangaza Siku ya Mapambo. Jumamosi, kila mwanafunzi wa darasa la sita angeleta pambo moja linalovaliwa au lililowahi kuvaliwa na watu wa kwao, la zamani au la siku hizi, na wazazi wangealikwa kulitazama.

"Na sitaki mtu asimame hapa aniambie, 'Mwalimu, hiki ni kizuri,'" alionya Mwalimu Rosemary. "Uzuri tunauona wenyewe. Mtuambie pambo linasema nini. Pete ya ndoa kidoleni inasema neno. Kitambaa cheusi begani mwa mfiwa kinasema neno. Hata nyota za askari ni mapambo yanayozungumza."

Lidwina alijua papo hapo atakachopeleka. Bibi Hilda, mama wa baba yake, alikuwa na mkufu mrefu wa shanga ambao hakuuvaa ila Krismasi na Pasaka.

Alhamisi asubuhi alimpelekea maji kama kawaida. Ndoo ilifika nusu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nusu nyingine umemwagilia barabara?"

Lidwina alicheka, akaeleza shida yake. Bibi Hilda akafungua sanduku lake la bati. Akafunua kitenge, akafunua kingine, na chini kabisa akautoa mkufu. Shanga zilikuwa za buluu na nyeupe, zimefuatana bila mpango wowote ambao Lidwina aliweza kuuona: nyeupe mbili, buluu, nyeupe, buluu tatu, nyeusi moja. Na mahali fulani, katikati ya shanga za buluu, kulikuwa na kifungo kidogo cha shati. Lidwina alikiona kifungo kile akajiuliza kama bibi yake alikuwa ameishiwa.

"Ziko arobaini na saba pamoja na kifungo," alisema Bibi. "Unajua kwamba zamani, kabla zahanati haijajengwa, mimi ndiye niliyewapokea watoto wa huku. Siku hizi mama mjamzito akinijia namwambia aende zahanati, huko kuna wataalamu na dawa. Lakini wakati ule palikuwa na mikono hii tu. Sikusoma, sikuweza kuandika majina ya watoto. Kwa hiyo kila aliyezaliwa nilimtungia ushanga. Nyeupe ni msichana, buluu ni mvulana."

"Kumbe! Ni mila ya Wangoni hiyo, Bibi?"

"Si ya Wangoni wala ya Wayao. Ni ya kichwa changu mimi. Sasa nisikilize vizuri, maana bado sijafika kwenye—"

"Lidwinaaa!" Zena alikuwa akiita barabarani. Kengele ya shule ilikuwa imelia.

"Nimeelewa, Bibi! Nyeupe msichana, buluu mvulana!"

"Hujaelewa. Kaa chini."

"Nitakuja jioni unimalizie!"

Bibi akatikisa kichwa, akaufunga mkufu ndani ya leso. "Basi usiuvae. Uzi huu ni mzee kuliko baba yako."

Jioni Lidwina alikwenda kuchota maji, kisha akacheza rede, kisha akakumbuka kwamba kuna kitu alitakiwa kukumbuka. Kilikuwa nini? Akalala.

Ijumaa baada ya shule alikwenda nyumbani kwa Zena kufanya mazoezi ya maelezo yake. Kwa akina Zena kulikuwa na kioo kirefu cha kabati, na kioo hicho ndicho kilichomponza. Alijitazama, akaushika mkufu, akajitazama tena. Ataeleza vipi juu ya pambo bila kujua mvaaji anavyojisikia? Akauvaa. Ukapendeza. Akageuka upande, akatikisa mabega kama wacheza ngoma, na hapo uzi ukasema *tap*.

Shanga zilitawanyika sakafuni. Nyingine ziliingia chini ya kitanda, nyingine zikavuka kizingiti mpaka uwanjani, ambako kuku wa mama Zena alizipokea kwa furaha akidhani ni mahindi.

"Mzuie!" alipiga kelele Lidwina.

Zena alimkimbiza kuku na ufagio, Lidwina akatambaa uvunguni akipiga chafya kwa vumbi. Walihangaika karibu saa nzima. Mwishowe walihesabu mara tatu: arobaini na sita na kifungo kimoja. Hakuna kilichopotea, na kuku alibaki na njaa yake.

"Twende tukamwambie Bibi Hilda," alisema Zena.

"Aha! Aninyang'anye? Kesho nitaonyesha nini, mikono mitupu?"

"Lakini Lidwina—"

"Lakini nini? Shanga zote zipo. Tutazitunga upya, hakuna atakayejua."

Walipata uzi wa nailoni na sindano, na Lidwina akaanza kutunga. Hata akafurahi. Kwa nini kurudia fujo ile ya mwanzo? Alipanga nyeupe na buluu kwa kupokezana, vizuri kama mistari ya daftari. Zile nyeusi tatu, ambazo aliona zinaharibu sura, alizisukuma pamoja nyuma karibu na fundo. Kifungo akakiweka katikati kabisa, kining'inie kifuani. Alipomaliza, mkufu ulikuwa mzuri mara mbili. Zena aliutazama, akageuka kukunja uzi uliobaki.

Jumamosi madirisha ya darasa yalifunguliwa, meza zikapangwa ukutani na kutandikwa khanga. Zena alileta kipini cha puani cha mama wa bibi yake, Myao wa Tunduru, akaeleza kwamba enzi zile kwao kipini kilimtambulisha mwanamke mtu mzima. Tadei alileta rozari ya babu yake, kisha akabishana na Abuu iwapo rozari ni pambo au si pambo, mpaka mwalimu akawaambia kwamba ubishi wao umefundisha zaidi ya meza yao. Abuu mwenyewe alileta picha ya mikono ya dada yake yenye hina ya harusi. Valence alionyesha bangili ya mpira yenye rangi za timu yake, na baba mmoja akasema hiyo nayo ni dini.

Lakini meza iliyojaza watu ilikuwa ya Lidwina.

"Angalieni mpangilio huu," Mwalimu Rosemary aliwaambia wazazi. "Wazee wetu walikuwa na jicho la sanaa!"

Lidwina alitabasamu, ingawa tabasamu halikufika mbali.

Baada ya kitambo akaingia Majaliwa, mfanyabiashara wa korosho na mjumbe wa kamati ya shule, mtu mwenye kicheko kinachotangulia kuingia mlangoni.

"Masha Allah! Huu si mkufu wa Bibi Hilda? Ngojeni nijione humu." Akainama, akaanza kuhesabu kwa kidole kuanzia kwenye fundo. "Watoto, mnajua kwamba mimi ni kifungo? Siku niliyozaliwa, mama yangu na mama wa Otto, yule fundi wa pikipiki wa Lizaboni, walishikwa na uchungu asubuhi moja. Bibi alikuwa amebakiwa na ushanga mmoja wa buluu. Akauchukua Otto. Mimi nikakatiwa kifungo cha shati la mume wake! Otto ni wa ishirini na tisa, mimi wa thelathini, na kwa sababu hiyo nimemwamkia shikamoo maisha yangu yote. Maana shanga hizi zimefuatana kama tulivyozaliwa, kila mtu na..."

Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye kifungo.

"Ishirini na nne?" Akahesabu tena. "Ishirini na nne! Nimempita Otto! Bibi Hilda mwenyewe amesahihisha! Wallahi, haki ya mtu haipotei!" Akatoa simu, akatoka nje akipiga kelele, "Otto! Njoo shuleni sasa hivi, uniamkie!"

Watu waliangua kicheko. Lidwina alihisi baridi miguuni, na safari hii haikuwa ya mwezi wa saba. Kumbe zilifuatana! Kumbe ile fujo haikuwa fujo. Hicho ndicho Bibi alichotaka kumwambia akakimbia. Zena alimtazama kutoka meza ya pili, naye akayakwepa macho ya Zena.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia wazi kabisa. Majaliwa amefurahi, mwalimu amesifu, na Bibi macho yake hayaoni vizuri. Akinyamaza, mambo yatapita.

Otto alifika kwa pikipiki, mikono ina grisi hadi viwikoni. "Nishushwe vyeo na nani? Mtani wangu, umekula korosho zilizooza!" Wakaanza kuvutana pale mlangoni, kila mmoja akimtaka mwenzake atoe shikamoo, na darasa zima likawa linashangilia kama uwanja wa mpira.

Katikati ya vurugu hiyo, mama mmoja mtu mzima alisogea kwenye meza taratibu. Alikuwa Mama Sabra, muuza maandazi wa Msamala, ambaye zamani alikuwa jirani wa Bibi Hilda.

"Lidwina, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "nionyeshe ile nyeusi yangu. Huwa iko baada ya nyeupe ya Sabra. Nikija kwa bibi yako huwa naigusa kidogo, basi, naondoka."

Lidwina aliuinua mkufu. Nyeusi zilikuwa tatu pamoja nyuma karibu na fundo, zote sawasawa.

"Ipi?" aliuliza Mama Sabra.

Sasa alijua nyeusi zilikuwa nini. Zilikuwa watoto ambao hawakuishi, naye alizisukuma nyuma kwa sababu zinaharibu sura. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Hakuogopa tena kunyang'anywa mkufu wala kuchekwa. Alitaka tu Mama Sabra arudishiwe mtoto wake.

Wakati huo Bibi Hilda alikuwa anaingia langoni mwa shule na fimbo yake, amevaa kitenge kipya. Otto na Majaliwa walimkimbilia kama watoto wawili wanaoshtakiana. Lidwina akaubeba mkufu, akakimbia, akawapita wote wawili.

"Bibi, nimekosa!" alisema huku analia. "Niliuvaa. Ukakatika. Nikazitunga upya nipendavyo nikaficha. Baba Majaliwa hajampita mtu, ni mimi niliyekisogeza kifungo. Na nyeusi ya Mama Sabra siijui tena ni ipi."

Bibi Hilda aliupokea mkufu, akaupitisha vidoleni polepole kama mtu anayesali. Buluu, nyeupe, buluu, nyeupe. Akatafuta benchi, akaketi.

"Kichwa changu kimezeeka," alisema hatimaye. "Zamani niliwajua wote mmoja mmoja. Baadaye niliuachia mkufu unikumbushe. Nikiushika usiku nilikuwa nawapitia wote, nawaombea. Sasa nitaanza na nani?"

Hakugomba. Afadhali angegomba. Majaliwa alijikuna kisogo, ameona haya kwa kelele zake. Mwalimu Rosemary alitazama chini.

Lidwina alifuta machozi kwa mkono wa sweta. Alitazama watu waliojaa uwanjani: Otto, Majaliwa, baba yake mwenyewe, baba zake wadogo, mama wa rafiki zake. Wangapi kati yao walikuwa shanga?

"Bibi," alisema, "shanga zimechanganyika, lakini watu wenyewe hawajachanganyika. Wengi wako hapa. Si wajipange mstari, kama sisi asubuhi? Mwalimu hutupanga kwa urefu. Wao wajipange kwa kuzaliwa."

Kisha Otto akapiga makofi. "Mstari! Mimi mbele ya Majaliwa!"

Wacha watu wakimbie! Waliokuwepo walikuwa ishirini na tisa; uzi wa nailoni ukakatwa, na kila mmoja akapewa ushanga wa rangi yake mkononi. Waliohamia Mbinga, Makambako na Dar es Salaam walipigiwa simu, na badala ya kila mmoja wao akasimama mwanafunzi. Uwanja uligeuka soko. Watu wazima wenye ndevu na wajukuu walisukumana wakibishana nani mkubwa.

"Wewe ulizaliwa mwaka upepo ulipoezua paa la kanisa!"

"Si kweli, hiyo ilikuwa dada yangu. Mimi nilizaliwa siku ng'ombe wa Mzee Daimu alipoingia darasani!"

"Basi rudi nyuma, ng'ombe alikuja baada ya paa!"

Walipokwama walimwendea Bibi, naye kila alipoguswa na jina alikumbuka kitu: mvua, mavuno, mama fulani aliyemtukana mumewe kijiji kizima kikasikia. Kicheko kikarudi, na Bibi ndiye aliyecheka zaidi. Walipofika wa ishirini na tisa alisema, "Otto alitangulia. Nilimnawisha, nikaweka uji wa mama yake upoe. Uji haujapoa, Majaliwa huyo."

"Shikamoo, kaka Otto," alisema Majaliwa kwa unyonge, na uwanja ukavunjika mbavu.

Mama Sabra alikuwa na ushanga mweusi kiganjani. Alikwenda kusimama baada ya binti yake Sabra, akakaa mstarini mwenyewe badala ya mwanawe. Sabra alimshika mkono. Zile nyeusi mbili nyingine Bibi alizichukua yeye. "Hawa nawajua mahali pao mstarini," alisema. "Hawa hawakuhitaji mkufu kunikumbusha."

Kisha Lidwina akapita kwenye mstari na sindano, kuanzia wa kwanza. Bibi alimfundisha kuupaka uzi nta ili usisagike, na kupiga fundo kila baada ya shanga tano ili siku ukikatika zisimwagike zote. Zena alimfuata nyuma na daftari. Kila mtu alitoa ushanga na kutaja jina lake, na Zena akaliandika. Ilichukua muda, na hapakuwa na njia ya kuifanya kazi hiyo haraka. Jua lilikuwa limekwisha kuufukuza ukungu wote Lidwina alipomfikia wa arobaini na saba, ambaye alikuwa baba yake mdogo, na kupiga fundo la mwisho. Kwa mara ya kwanza majina yote yalikuwa pia kwenye karatasi, na Mwalimu Rosemary aliyasoma kwa sauti, watu wakiitikia mmoja mmoja.

Mkufu ulikuwa umerudi kwenye fujo yake. Lidwina aliutazama, akaona ni mzuri kuliko alioupanga yeye.

Alimpelekea bibi yake kwa mikono miwili, akapiga goti. "Nisamehe, Bibi."

Bibi Hilda aliuvaa, akaupapasa kifuani, kisha akamketisha Lidwina kando yake. Watoto wengine walisogea kusikiliza.

"Watu huvaa vitu ili wapendeze, na si vibaya," alisema. "Hata mimi Krismasi napenda kutazamwa. Lakini kabla hujakigusa cha mtu, uliza kinasema nini, na ukae mpaka amalize kukuambia. Uzi kukatika si kosa kubwa, mjukuu wangu. Uzi wowote hukatika. Ulipoficha ndipo ulipotupotezea watu. Na uliposema kweli, umeona mwenyewe: wamerudi wote, kila mmoja kwa miguu yake."